Kadi ya Musial ya 1953 na kuponi isiyo yake

Wakuu, hii ya leo ni ndefu kidogo ila ntaielezea yote kuanzia mwanzo, kwasababu washkaji wangu wa hapa Dayton wameshaniuliza mara nyingi ile kadi yangu ya zamani ya mchezaji wa besiboli Stan Musial iliishia wapi. Wengine wanaamini nilipigwa, wengine wanasema nililamba dume, na kiukweli sio hivyo wala hivyo.

Kwa wasiojua hii kitu naanzia mbali. Mimi nilifika Ohio sijui besiboli hata kidogo, nikapata kazi ghalani shifti ya usiku, kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani anasikiliza mechi za Cincinnati Reds kwenye redio, basi taratibu nikaanza kuelewa, na siku moja akaja na boksi la viatu limejaa kadi za wachezaji wa zamani. Nikanasa hapohapo. Nlipokuwa mdogo Mwanza nlikuwa nakusanya vizibo vya soda, navitoboa katikati navipitisha kwenye waya, kwahiyo nlipoona mtu mzima wa miaka sabini na kitu anapanga kadi zake kwa namba nikajua huyu ni mwenzangu.

Sasa kwenye kadi za zamani kuna tawi moja linanigusa kuliko yote, kadi za Red Man. Red Man ni tumbaku ya kutafuna, ilikuwa ya kampuni ya Pinkerton Tobacco ya Toledo, mji uko hapo juu tu, ukishika I-75 kutoka Dayton unanyoosha kaskazini masaa mawili na kitu umefika. Kati ya 1952 na 1955 walikuwa wanatoa kadi za wachezaji pamoja na tumbaku yao. Zilikuwa kadi za kwanza za tumbaku kusambazwa Marekani nzima tangu zile za miaka ya 1910, na wachezaji wa kuingia kwenye seti ya kwanza walichaguliwa na J.G. Taylor Spink, mwenye gazeti la The Sporting News, kwahiyo haikuwa kubahatisha, waliingia watu wa maana.

Kwa chini kila kadi ilikuwa na kipande chembamba, hakifiki hata nusu inchi, kimeungana na kadi yenyewe. Hicho ndo kuponi. Unakata, unakusanya, zikifika 50 unatuma kwa posta unaletewa kofia ya besiboli kama wanazovaa wachezaji. Kadi ikiwa nzima ina upana wa inchi 3 na nusu na urefu wa inchi 4, ikishakatwa unabaki na urefu wa inchi 3 na sehemu tano za nane.

Hapa kuna hesabu huwa inaniuma kila nikiifikiria. Seti ya 1952 ilikuwa na kadi 52, ya 1953 hivyohivyo, yaani wachezaji 25 na kocha mmoja kwa kila ligi kati ya zile mbili kubwa, National na American. Kofia inataka kuponi 50. Maana yake mtoto akipata seti nzima ya mwaka anaikata karibu yote kwa ajili ya kofia moja, zinabaki mbili. Ndo maana zenye kuponi leo ni chache na bei yake ni mara kadhaa ya zisizo nayo, karatasi ileile, mchezaji yuleyule. Fikiria vocha ya simu. Ilokwanguliwa ni takataka, ambayo haijakwanguliwa miaka yote hiyo maana yake kuna mtu aliiweka akajizuia. Sisi tunaokusanya Red Man tunatafuta kadi za watu waliojizuia, au waliosahau, au baba alikuwa anatafuna tumbaku kadi anaitupa kwenye droo ya vifaa na mtoto hakuijua ipo.

Angalizo kidogo kwa anayetaka kuanza, maana nimeona watu wawili wakijikwaa hapa. Ukitafuta mtandaoni neno kuponi kwa Kiingereza utaletewa kadi za 1910 na 1914 na 1919 ambazo hazina kuponi yoyote, Coupon lilikuwa jina la sigara, zilikuwa zinauzwa Louisiana, wakusanyaji wanaziita T213. Ni kadi nzuri sana ila ni habari nyingine. Na zile kadi kubwa za Turkey Red za 1910 na 1911 nazo zilihusiana na kuponi ila kwa njia tofauti, kuponi zilikuwa ndani ya pakiti ya sigara, unatuma 10 za Turkey Red au 25 za Fez ama Old Mill unaletewa kadi, kwahiyo kadi yenyewe haina cha kukatwa.

Haya, turudi kwenye kisa.

Kulikuwa na maonyesho ya kadi kwenye ukumbi mmoja huku Ohio, meza kama sitini hivi, watu wanauza wanabadilishana. Meza ya mwishomwisho nikaiona: Musial, Red Man, 1953, kuponi ipo. Mbavu zikanibana. Stan Musial kwa asiyemjua alichezea St. Louis Cardinals maisha yake yote ya ligi kuu, alikuwa mchezaji bora wa ligi ya National mara tatu, 1943, 1946 na 1948, na kuna takwimu yake moja ntaizungumzia mpaka nazeeka, alimaliza na mipigo iliyofanikiwa (hits) 3,630, na katika hiyo 1,815 nyumbani na 1,815 ugenini. Sawasawa kabisa. Mtu ambaye uwanja wa nyumbani na wa ugenini kwake vilikuwa kitu kimoja, na mimi niliyehama nchi hilo jambo linanigusa sana.

Kadi ilikuwa ndani ya plastiki ngumu na juu ya plastiki kimebandikwa kistika cha bei, dola 160. Nikaigeuza, nikaiangalia pembe, rangi nzuri, uso wa Musial safi, kule chini kuna mstari mwembamba kati ya kadi na kuponi nikajua ni ule mstari wa kukatia wa kawaida. Nikatoa hela. Kosa langu ni moja na nalisema wazi, sikuomba aitoe kwenye plastiki. Nlikuwa na haraka na nliogopa jamaa aliyesimama nyuma yangu asije akaniwahi.

Nyumbani nikabandua kile kistika. Chini ya kistika ndo palipokuwa na namba ya kuponi.

Hapa lazima nieleze jambo la kiufundi maana ndo uti wa mgongo wa kisa chote. Kwenye kadi za 1952 namba ya kadi iko kwenye kuponi peke yake, ukikata kuponi namba imeondoka nayo. Za 1953 namba iko sehemu mbili, kwenye yale maelezo mafupi ya mchezaji na kwenye kuponi. Musial wa 1953 ni namba 26 ya ligi ya National. Maelezo yake yanasema 26. Kuponi yangu ilisema 16.

Niliikodolea macho kama dakika tano nikidhani ni doa. Sio doa. Namba 16 ya National mwaka ule ni Hank Sauer wa Chicago Cubs, mchezaji bora wa ligi hiyo 1952, mtu mzito kwa wakati wake ila kwenye soko la kadi leo hakaribii Musial hata kidogo. Nikasema basi, nimepigwa changa la macho, kuna mtu kachukua kuponi ya kadi ya bei rahisi akaibandika kwenye Musial aliyekatwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza kuipima kwa utaratibu badala ya hasira.

Kwanza rula. Nzima inatakiwa iwe inchi 4, yangu ilikuwa pungufu kama milimita mbili, na hilo lina maana, mkasi ukipita mara mbili kwenye karatasi mbili tofauti kila upande unapoteza kidogo na ukiunganisha hupati urefu wa mwanzo. Pili kioo cha kukuzia na tochi iliyolazwa ubavuni, mwanga ukija kwa pembeni kila kitu kinaonekana kama matuta barabarani, karatasi ambayo haijakatwa nyuzi zake zinaendelea moja kwa moja, yangu zilikatika zikaanza upya, na kwa nyuma kulikuwa na ukanda wa karatasi nyembamba umebandikwa kushikilia pande zote mbili. Tatu ile taa ya bluu ya kukagulia noti feki. Hii wengi wanaitegemea kupita kiasi. Inasaidia kwasababu karatasi za zamani haziwaki, zile dawa za kung'arisha karatasi zilianza kuenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka miaka ya 1950, kwahiyo ukikuta kadi ya 1910 inawaka kama shati jeupe disko ujue kuna tatizo, ila kwa kadi ya 1953 jibu sio la moja kwa moja, uko mpakani. Mimi nliitumia kuangalia gundi. Gundi nyingi nyeupe za kisasa zinawaka bluu. Hii haikuwaka. Kadi, kuponi na ule ukanda wa nyuma vyote vilikuwa na rangi moja iliyofifia, na gundi yenyewe kwenye kioo ilikuwa kama maganda ya hudhurungi, imekauka imepasukapasuka. Mimi gundi ya hivyo naijua, nimebandika tiara kwa ugali utoto wangu wote. Ile ilikuwa uji wa unga.

Hapo ndo nikaanza kusita, maana mtu anayetaka kukutapeli dola 160 mwaka huu habandiki kwa uji wa ngano, na uji wenyewe haupasuki hivyo kwa mwaka mmoja au miwili.

Alafu nikaona kitobo. Katikati ya kuponi kuna kitundu kidogo cha sindano, kimetoboka kwenye kuponi tu, ule ukanda wa nyuma hauna. Maana yake kilitobolewa kabla ya kubandikwa. Nilikaa na hilo siku nzima kazini nikabeba maboksi kichwa kiko kwingine, mpaka usiku ndo nikakumbuka vizibo vyangu kwenye waya.

Nikampigia muuzaji. Nlijiandaa kwa ugomvi ila mzee wa watu alikuwa muungwana, akasema hakuwahi kuigeuza kuangalia namba, aliinunua kwenye fungu la kadi thelathini na kitu alipokuwa anasafisha nyumba ya marehemu fulani ambayo familia waliamua kuuza kila kitu, na kistika alikibandika pale bila kuwaza. Akasema nirudishe atanipa hela yote. Nikamwambia subiri kwanza, naomba unitafutie kitu kimoja, kwenye lile fungu kulikuwa na Hank Sauer?

Mwezi uliofuata nikamfuata kwenye meza yake. Sauer alikuwepo, kwenye boksi la kadi za bei ya chini maana kuponi yake ilikuwa imepinda na ina doa. Imebandikwa. Ukanda uleule kwa nyuma, uji uleule, kitobo palepale katikati. Na namba ya kwenye kuponi ni 26.

Nilimwonyesha muuzaji hatukusema kitu kwa muda.

Ukiziangalia zote mbili pamoja hadithi ya utapeli inaanguka. Tapeli anayetafuta kuponi ya kumvalisha Musial hawezi kuwa nayo ileile halisi mkononi alafu aibandike kwa Sauer. Mwenye kuponi zote mbili mezani na akili ya biashara angezioanisha, ni kusoma namba tu. Aliyefanya hivi kwake namba hazikuwa na maana au hakuziona, 16 na 26 kwa haraka zinafanana, na alitaka kadi zake ziwe nzima tena. Kwangu mimi huyo ni mtoto. Alikata, akatunga kuponi kwenye uzi, alafu siku moja ofa ikaisha au akabadili mawazo, akachota unga jikoni akazirudisha.

Sasa swali la bei, maana hili ni la kila mtu atakayekutana na kitu kama hiki. Kadi yenye kuponi iliyobandikwa sio kadi yenye kuponi. Hata kama ingekuwa kuponi yake mwenyewe. Thamani ya ile inayoitwa nzima ni kwamba mkasi haujawahi kupita, na mkasi ukishapita hakuna uji unaorudisha. Ukiipeleka kwa wanaokagua na kupanga madaraja, kama PSA au SGC, kwa jinsi ninavyozijua taratibu zao usitegemee daraja la maana kwenye kadi iliyochezewa. Kwahiyo nlikubaliana na muuzaji nimlipe bei ya Musial aliyekatwa, tofauti akanirudishia palepale taslimu. Sauer akanipa kwa dola tatu.

Kilicholeta mabishano zaidi ni kilichofuata. Yule mzee wa ghalani, aliyenifundisha yote haya, akaniambia kazi rahisi: weka kitambaa chenye unyevu, uji unalegea, banduwa zote mbili, mrudishie kila mtu kuponi yake, utakuwa na Musial mwenye 26 juu na 26 chini. Wengine wawili watatu nao wakasema hivyohivyo, kwamba nawatendea haki wachezaji, kila kitu kinarudi kwake. Nawaheshimu sana ila nimekataa na sababu zangu ni mbili. Moja ni ya karatasi, maji kwenye kadi ya umri huu hayana urafiki, wino unaweza kuachia na tabaka la juu la karatasi likabanduka pamoja na uji.

Ya pili ndo kubwa. Leo hii ile 16 chini ya 26 ni ushahidi. Mtu yeyote akiishika hata akiwa mgeni kabisa, ilimradi anajua kusoma namba, ataona kuna kitu hapa. Nikizioanisha nafuta hiyo alama. Mimi sitomdanganya mtu, ila sitoishi milele, kadi zitakuja kuuzwa kama zilivyouzwa za huyo marehemu, kwa fungu, kwa mtu ambaye hakuwahi kunijua, na hapo Musial wangu aliyerekebishwa vizuri ataenda mezani kama Musial mzima. Chukua kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa zamani, kwenye seti ya kadi za sigara wanayoiita T206. Yule Wagner aliyenunuliwa na Wayne Gretzky, nyota wa hoki, na mwenzake Bruce McNall kwa dola 451,000 mwaka 1991 alikuwa mzuri kupita wenzake wote, akawa kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA, na 2007 akauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, muuza kadi mkubwa, akakiri mahakamani kwamba yeye ndo alikata kingo za ile kadi. Kilichowapita wataalamu ni usafi wake. Kadi yangu mimi ni chafu na uchafu wake unasema ukweli, siwezi kuusafisha.

Kwahiyo zimekaa hivi: Musial na Sauer kwenye mfuko mmoja wa plastiki laini, migongo inaangaliana, hazitenganishwi, na ndani nimeweka karatasi isiyo na asidi nimeandika kwa penseli kwa Kiingereza kwamba kuponi zote mbili zilikatwa zikabandikwa tena zamani na zimebadilishana, nimeandika vipimo na tarehe. Kwa mwenye kadi kama hizi naomba sana fanyeni hivyo, penseli sio kalamu ya wino, na karatasi iwe ndani ya mfuko sio imebandikwa juu kama kile kistika.

Kuna jambo moja limebaki. Nlimwomba muuzaji anionyeshe zilizosalia za lile fungu, zote za 1953, zote hazina kuponi, na mkasi uliozikata unaonekana ni uleule, umeinamia kushoto kila mahali. Seti ni 52. Kofia ni 50. Zinabaki mbili. Sina ushahidi kwamba mtoto yule alikuwa na seti kamili, fungu nililoliona mimi ni thelathini na kitu na zingine zinaweza kuwa zilipotea au hazikuwepo kabisa, kwahiyo siapi. Ila nlimuuliza muuzaji kama kwenye ile nyumba alikuta kofia ya zamani ya besiboli popote, kabatini, darini, kwenye sanduku.

Akasema alipofika nguo zote zilikuwa zimeshapelekwa kugawiwa watu.